Kwanini wachoraji wa zamani walikuwa wanachora sana matunda? Limao la sebuleni kwetu limenisumbua miaka ishirini

Brashi Kavu (mleta uzi)

Wakuu habari za jumapili. Uzi ni mrefu kidogo, asiye na muda apite kimya kimya, sitaki mtu aje hapa kuniambia nifupishe.

Mimi ni fundi wa kuandika mabango hapa Dodoma, yale ya saluni, bucha, magenge, stoo za vifaa vya ujenzi. Siku hizi mabango ya kuprinti yametumaliza ila kuta bado zinatuita. Sasa wiki tatu zilizopita kuna mama mmoja Chang'ombe kafungua banda la juisi, kaniita nimchoree matunda ukutani. Nikamuuliza mama unauza juisi gani, akasema ukwaju, ubuyu na parachichi. Nikamwambia basi nikuwekee ukwaju na ubuyu mkubwa uliopasuliwa, patapendeza. Akaniangalia kama nimemtukania mtoto. "Fundi nimekwambia matunda, hayo ni mambo ya porini." Alitaka epo, zabibu, stroberi na limao lililomenywa. Stroberi! Huyo mama hajawahi kuuza stroberi na sidhani kama atakuja kuuza.

Kazi nimefanya kama alivyotaka maana hela ni yake. Ila nikiwa pale juu ya stuli nachora limao nikashtuka kwamba mkono unaenda wenyewe, silichori la kichwani, nalichora limao la sebuleni kwetu Kikuyu.

Kwetu kulikuwa na picha ya kuprinti, fremu ya plastiki rangi ya dhahabu, mzee alirudi nayo safari ya Dar ikawekwa juu ya kabati la vyombo. Meza nyeusi, zabibu, bilauri ya divai, sahani ya fedha imesogezwa ukingoni kama inataka kuanguka, na limao limemenywa nusu, ganda linaning'inia nje ya meza limejiviringa kama springi. Nadhani mnaijua, au mnawajua ndugu zake, zimejaa gesti zote kuanzia Kibaigwa mpaka Manyoni. Mama yangu, Mgogo wa Mvumi, hakuwahi kuipenda. Kila akifuta vumbi lazima aseme: "Huyu kamenya limao kaliacha, sahani kaiweka pembeni. Kalelewa na nani huyu?"

Sasa baada ya ile kazi nikaingia kutafuta. Aisee. Kumbe lile limao halikuachwa kwa uzembe.

Picha za namna ile ni za Waholanzi wa miaka ya 1600, mafundi kama Willem Claesz. Heda na Willem Kalf, hao ndo walikuwa mabingwa wa limao la nusu ganda. Kwao baridi, limao lilikuwa linaletwa kutoka nchi za joto za Mediterania, kwaiyo kuwa nalo mezani ni kama leo mtu anavyoweka funguo ya gari juu ya meza ya baa ili muione. Hiyo ndo ya kwanza. Ya pili wanasema limao kwa macho ni dhahabu, ukiling'ata unakunja uso, yani ile yetu ya uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Na ya tatu, ambayo mimi kama fundi naielewa kuliko zote, limao ni mtihani. Ngozi ina vitobo vitobo, chini ya ngozi kuna nyeupe kama sponji, halafu nyama yenyewe imelowa na inapitisha mwanga. Ukiweza kutoa vitu vitatu hivyo kwenye njano moja hakuna mteja atakayekuuliza umejifunzia wapi.

Alafu sahani iliyo ukingoni nayo ina maana yake. Ni ile kwamba muda wowote inadondoka. Kuna aina nzima ya hizi picha inaitwa vanitas, neno limetoka kwenye Biblia ya Kilatini, Mhubiri sura ya kwanza, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili. Wanaweka fuvu la mtu, mshumaa uliozimika, saa, na matunda yaliyoiva sana yaliyobakiza siku moja yaoze. Mama alikuwa anasimama mbele ya mahubiri kila jumamosi na kitambaa cha vumbi mkononi, hakuna aliyemwambia.

Nitaendelea, naenda kula kwanza.

Kiti cha Nyuma

Nimekaa. Leta na picha mkuu usije kutuacha kama wale wa "itaendelea".

Mtu wa Kibaigwa

Mkuu mimi naona mnawapa hao wazungu sifa wasizostahili. Labda limao ni limao tu. Jamaa alikuwa na njaa, kamenya, mke kamuita, kaacha, akarudi akaona mbona patamu hapa akachora. Mbona mimi nikipiga picha ya ugali na mlenda hamna anayesema ugali ni alama ya mauti.

Dada wa Nkuhungu

Ugali wako na mlenda ni alama ya bachela 😂😂

Brashi Kavu

Nimerudi. Mtu wa Kibaigwa usijione mkorofi peke yako, wasomi wenyewe wamegombana kwenye hilo hilo. Kuna Mholanzi Eddy de Jongh, yeye anasema hizi picha zisomwe pamoja na vitabu vya methali na mafumbo vya wakati ule, kila kitu kina neno nyuma yake. Akaja mama mmoja Mmarekani Svetlana Alpers, 1983, akasema hapana, Waholanzi walikuwa watu wa kuangalia, wanapenda kuona kitu kilivyo, msiwalazimishie mafumbo kila mahali. Mimi nipo katikati. Ukitazama ganda la limao la Kalf unaona kabisa huyu mtu alifurahia limao, hakukaa siku zote hizo kwa ajili ya mahubiri peke yake. Ila pia alikuwa anamuuzia mteja aliyelelewa na Biblia na methali, mteja akiona tunda lililopasuka kichwani kwake kuna mstari unajisoma wenyewe.

Sasa haya, picha. Hii niliyoweka hapa chini ni kapu la Caravaggio, Mtaliano, la kama mwaka 1599, lipo Milano kwenye nyumba ya sanaa ya Ambrosiana. Kardinali mmoja Federico Borromeo ndo alikuwa mwenye nalo. Angalieni vizuri. Hamna meza ya kifahari, hamna mtu, hamna kitu nyuma, rangi ya njano iliyofifia tu na kapu la kusukwa ambalo chini limetokeza mbele kidogo ya ukingo, kama linakujia. Ndani kuna zabibu nyeusi na nyeupe, tini, pea, na epo moja la mbele lina TUNDU LA FUNZA. Wazi kabisa, hajalificha nyuma. Na majani ya upande wa kulia yamekauka yamejikunja.

Nimechora matunda kwenye kuta za watu miaka kumi na moja. Sijawahi kuchora tunda lenye funza. Mteja angenifukuza na asingenilipa hata ya rangi.

Shemasi Mstaafu

Bwana Yesu asifiwe. Nichangie kidogo kuhusu hilo tufaa. Watu wengi wanaamini Hawa alikula tufaa, lakini someni Mwanzo sura ya 3, imeandikwa matunda ya mti ulio katikati ya bustani, basi. Halijatajwa jina. Mkanganyiko huu kwa sehemu kubwa unahusishwa na Kilatini, ambapo malum ni uovu, na mālum, ukivuta ile a, ni tufaa. Wachoraji wa Ulaya kaskazini wakalishika tufaa wakalieneza. Lakini wengine walichora mtini, kwa sababu baada ya kula wale wawili walijishonea majani ya mtini. Michelangelo kule kanisa la Sistina, Vatikani, alichora mtini.

Kwa hiyo ukiona tufaa kwenye picha ya Mama Maria na Mtoto, maana yake ni kwamba huyu Mtoto amekuja kufuta lile kosa. Na zabibu karibu yake ni divai ya ekaristi, "Mimi ndimi mzabibu wa kweli".

Bint Kondoa

Shemasi umenikumbusha komamanga. Bibi yangu Kondoa alikuwa nao mkomamanga uani, hakuna mtoto anaruhusiwa kuchuma, anagawa yeye mwenyewe mbegu kwa mbegu tukikaa mstari. Anasema hili ni tunda la peponi na kweli limetajwa kwenye Suratur Rahman pamoja na mitende. Tini nayo ina sura yake kabisa, Mwenyezi Mungu kaapa kwayo pamoja na zeituni. Je hao wachoraji wako waliligusa komamanga?

Brashi Kavu

Bint Kondoa waliligusa sana. Botticelli ana picha ya kama 1487 ipo Firenze, Mtoto Yesu na mama yake wameshika komamanga lililopasuka mbegu zinaonekana. Mbegu nyingi ndani ya ganda moja, wakasema ndo waumini ndani ya kanisa, na ule wekundu ni damu. Wagiriki wa kale nao walikuwa na yao, binti anaitwa Persephone alichukuliwa kuzimu akala punje za komamanga huko, kwa sababu hiyo akalazimika kurudi kuzimu sehemu ya kila mwaka, na akiwa huko dunia haioti kitu. Sisi tungesema ndo kiangazi cha Dodoma hicho 😅

Mbegu kwa mbegu mkikaa mstari, hiyo ni picha tayari dada. Ningekuwa na bibi yako ningemchora.

Zabibu Chungu

Mbukwenyi wandugu. Mimi sio mtu wa sanaa mimi nalima zabibu Mpunguzi ekari moja na nusu, kijana wangu ndo kanionyesha huu uzi akasema baba kuna watu wanaongelea zabibu sio za bei. Nimeikuza hiyo picha ya kapu kwenye simu nikaiangalia sana. Huyo bwana alikuwa shambani kweli hakuotea. Hayo majani yana ugonjwa, mengine yameliwa na wadudu mengine yamekauka kuanzia pembeni, na ukiangalia zabibu zenyewe kuna punje zimenywea hapo kati wakati jirani zake zimejaa, hiyo kwetu tunaijua, hapo hakupiga dawa au alipiga kwa kuchelewa. Kitu kingine zabibu ikiwa mbichi toka shamba ina kaungaunga kajeupe juu ukishika na vidole kanatoka na hakarudi, nimeona kwenye picha kapo, sasa huyo alizichora kabla watu hawajazishikashika.

Brashi Kavu

Mzee Zabibu Chungu shikamoo. Umenifanya nicheke peke yangu kwenye daladala. Kuna profesa wa kilimo cha bustani Marekani, Jules Janick wa chuo cha Purdue, alikaa na picha za Caravaggio akafanya hicho hicho ulichofanya wewe, akataja tunda moja moja na magonjwa na wadudu wa kila jani. Wewe umefanya na simu ukiwa Mpunguzi.

Na hako kaungaunga sasa! Sikujua kama nitapata pa kuliweka hili. De Jongh niliyemtaja juu aliandika kuhusu picha za Uholanzi za mke na mume ambapo mmoja kashika kichala cha zabibu kwa KIKONYO, vidole haviigusi punje hata moja. Ukiangalia haraka unaona ni pozi tu. Kumbe ilikuwa fumbo linalojulikana, la mshairi wao Jacob Cats: zabibu ishikwe kwa kikonyo ili ule unga wa juu usitoke, na msichana naye aguswe kwa njia ya ndoa tu. Usafi wa ndoa. Yote hayo yamekaa kwenye vidole viwili.

Zabibu Chungu

Marahaba. Sisi hapa tunashika kikonyo kwa sababu ukishika punje mnunuzi anasema zimechezewa anashusha bei. Hatukujua kama ni ndoa.

Dada wa Nkuhungu

Jamani mmefika kwenye ndoa mkaruka. Mbona Kiswahili kinasema wazi wazi mtu "kala tunda"? Hiyo hatujafundishwa na Mholanzi. Embe dodo tunaliimba, mtoto mbichi, kaiva, kaanguliwa kabla ya wakati. Sisi tuna kamusi nzima ya matunda ila ipo mdomoni haipo ukutani. Na kwa taarifa yenu ubuyu mjini hapa maana yake umbea 🤣 kwaiyo fundi ukichora ubuyu kwenye banda la huyo mama watu watajua ni kijiwe cha kusemana, ndo maana alikataa.

Swali langu lakini ni serious. Wanawake walikuwepo kwenye hiyo kazi? Mana naona Willem, Willem, Michelangelo.

Brashi Kavu

Ubuyu wa umbea umeniua 😂 hilo sikulifikiria.

Wanawake walikuwepo na kwenye matunda ndo walikuwa wengi kuliko kwingine. Fede Galizia Italia, Clara Peeters kule Antwerp, Louise Moillon Ufaransa, Rachel Ruysch Uholanzi. Huyo Ruysch (1664 mpaka 1750) alizaa watoto kumi na bado alichora mpaka miaka ya themanini ya umri wake. Sababu ya kujaa huku sio nzuri sana ukiijua. Mwanamke hakuruhusiwa kukaa darasani kuchora mtu aliye uchi, na bila kujua mwili huwezi kupewa zile kazi kubwa za vita na manabii. Tunda halina sheria hiyo, lipo jikoni. Wakakaa na tunda. Na wakubwa nao wakaliweka tunda chini, Mfaransa mmoja André Félibien mwaka 1667 alipanga madaraja, anayechora watu na historia juu, kisha wanyama, kisha mandhari, wa matunda na maua mwisho kabisa. Kwaiyo mtu akikwambia kuchora matunda ni kazi ya form two ujue dharau hiyo ina miaka 350.

Clara Peeters alikuwa anajichora mwenyewe kwenye mng'ao wa vikombe. Unaangalia kikombe cha fedha, unasogea, kuna kasura ka mwanamke kameshika brashi. Hiyo nimeiiba, kwenye banda la Chang'ombe nimejiweka kwenye bilauri ya juisi. Mwenye banda hajui.

Kiherehere wa Area D

Mbona hamuongelei ndizi ya tepu? Jamaa kabandika ndizi ukutani na tepu akauza mamilioni. Hiyo nayo ni sanaa au wizi?

Brashi Kavu

Maurizio Cattelan, Miami, 2019, iliuzwa dola 120,000. Mwaka 2024 ikauzwa tena mnadani kwa dola milioni 6.2 na aliyeinunua akaila mbele ya kamera. Mimi sitabishana na wewe kama ni wizi, ila kumbuka ndizi inabadilishwa kila ikioza, anachonunua mtu ni karatasi ya maelezo. Waholanzi walichora ili tunda lisioze, huyu kauza kuoza kwenyewe. Tuishie hapo, nikianza na huyu jamaa uzi utaharibika.

Mtu wa Kibaigwa

Haya mimi nimelainika kidogo. Ila bado nina langu. Hizi zote ni za kwao. Sisi tuna michoro ya Kolo pale Kondoa, UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006, twiga, tembo, watu warefu wembamba. Tuna Tingatinga. Mbona hao hawakuhangaika na bakuli la matunda? Huyo mama wa juisi kachanganywa na kalenda za wachina tu.

Brashi Kavu

Tingatinga ni babu yetu sisi watu wa mabango, usinichokoze. Edward Said Tingatinga alianza 1968 Dar na rangi za kung'aa za madukani juu ya hadibodi, mimi mpaka leo natumia rangi za aina hiyo hiyo na tina.

Ila kuhusu mama wa juisi nimebadilisha mawazo na ndo hasa kilichonifanya nianzishe uzi. Mwanzo na mimi nilimcheka. Halafu nikakaa nikafikiria, epo hapa Dodoma linakuja na stika yake kutoka Afrika Kusini, linauzwa moja moja, limefutwa na kitambaa mpaka linang'aa, unampelekea mgonjwa hospitali au mtoto aliyefaulu. Nani anapeleka ubuyu hospitali? Sasa Mholanzi wa 1640 alichora nini? Limao lililotoka mbali kwa meli. Mfalme wa Uingereza Charles wa pili alichorwa anakabidhiwa nanasi, nanasi ambalo sisi tunalikata kwenye toroli pale stendi. Kwaiyo yule mama hakuchanganywa na mtu, anafanya walichofanya wote, anaweka ukutani kinachotoka mbali. Tunda linaingia kwenye picha kwa shida ya kulipata na kwa haraka yake ya kuoza. Ubuyu umekosa vyote viwili. Upo bure porini na hauozi.

Nikasema ngoja nijaribu.

Jumatatu nimeweka meza dirishani, kanga ya mke wangu juu, nikapanga zabibu nyeusi nusu kilo, ndizi nne, limao nimelimenya nusu kama la Kalf, ukwaju kidogo na ubuyu mmoja nimeupasua na nyundo. Hadibodi futi mbili kwa mbili. Nilijua nitamaliza siku moja, mabango huwa namaliza siku moja. Wapi. Kuchora kwa kuangalia sio kama kuchora kwa kukariri, punje moja ya zabibu ina rangi saba, nilikaa na kichala kimoja mpaka adhana ya magharibi.

Jumanne limao limeshakauka. Ganda limenyooka na limekuwa gumu kama ngozi ya kiatu, ile springi hamna tena. Nikamenya jingine. Jioni nimemenya la tatu. Hapo ndo nikaelewa kwamba lile limao la sebuleni pengine sio limao moja, mama alikuwa anamgombeza mtu aliyemenya malimao kumi.

Jumatano vikonyo vya zabibu vimekuwa kahawia, punje za chini zimelegea, chumba kinanuka kama pombe na vile vinzi vidogo vidogo vimejaa sijui vinatoka wapi maana dirisha lina wavu. Mdogo wangu wa mwisho kala ndizi mbili akidhani nimesahau. Nikafuta ndizi mbili. Cézanne yule Mfaransa wa maepo inasemekana alikuwa mzito wa kuchora mpaka matunda yanamwozea mezani, nilikuwa naona ni sifa za kijinga, jumatano hiyo nikamuonea huruma.

Alhamisi ndizi zimebaki nyeusi, zabibu mke wangu kaziondoa bila kuniuliza, na alikuwa sahihi. Ubuyu upo vile vile. Yani VILE VILE. Ule unga mweupe, zile nyuzi nyekundu, ganda lenye manyoya ya kijani kama ya panya, nimechora alhamisi kwa mwanga ule ule wa jumatatu, hakuna mstari niliobadilisha. Mkinipa mwezi ningeweza.

Na nje ndo ulivyo. Sasa hivi mibuyu ya barabara ya Iringa haina jani hata moja lakini mabuyu yananing'inia kama mtu kayafunga na kamba. Kile Waholanzi walichokuwa wanahangaika kukipata kwa rangi ya mafuta, tunda lisiloguswa na siku, sisi watoto walikuwa wanalirushia mawe.

Picha hiyo hapo juu. Ndizi ya kushoto imekaa vibaya, naijua, msinisemee.

Kiti cha Nyuma

Ubuyu umeua mkuu. Ule unga unaonekana kama ukipuliza utatoka. Ndizi ni kweli imekaa kama simu ya mezani.

Bint Kondoa

Maa shaa Allah. Kwenye bilauri hapo nyuma kuna mtu?

Brashi Kavu

😅 umeona.

Dada wa Nkuhungu

Sasa huo ubuyu wa picha umeupeleka wapi?

Brashi Kavu

Watoto wamechemsha na sukari na rangi nyekundu. Nimebakishiwa mbegu nne.

Zabibu Chungu

Fundi mimi nimesoma yote mpaka ya ndizi. Umesema zabibu ni tunda la kuonyesha siku zinapita hilo sihitaji kuambiwa na Mholanzi. Msimu uliopita kuna mnunuzi simtaji aliniambia vuna gari linakuja alhamisi tukavuna mimi na wanangu na vibarua wanne tukapanga kreti thelathini na mbili chini ya mti. Alhamisi hakuna gari ijumaa hakuna anasema kesho, jumamosi nasikia harufu kabla sijafika, jumatatu gari ndo linakuja anatoa nusu ya bei tuliyopatana na kreti kumi kazikataa kabisa. Nikakamua mchuzi wa zabibu, yani juisi yake, kwenye mapipa ya jirani kuliko kumwaga. Wanangu walikuwa wameamia ndege shamba hilo toka zabibu zinaanza kuiva, saa kumi na moja asubuhi wapo na manati, ndege hawakula mwaka huo tukala hasara wenyewe.

Brashi Kavu

Pole sana mzee wangu. Hilo la ndege limenikumbusha kitu, sio cha kukufariji ila ukisikie. Kuna hadithi ya kale iliyoandikwa na Plinio, Mrumi. Mchoraji wa Kigiriki anaitwa Zeuxis alichora zabibu mpaka ndege wakaja kudonoa picha, watu wakamsifu. Hiyo wanaijua wengi. Ila ipo ya pili. Akachora tena, mtoto kabeba zabibu. Ndege wakaja tena. Safari hii Zeuxis akakasirika, akasema nimezichora zabibu vizuri kuliko mtoto, maana mtoto ningemchora sawa sawa ndege wangeogopa.

Zabibu Chungu

Huyo bwana aliwahi kuamia ndege huyo.

Sasa fundi nina ombi. Zabibu zangu nyeupe zipo tayari wiki ijayo. Nataka unichoree kreti moja, sio bakuli, kreti ile ile ya plastiki iliyopasuka pembeni, ila usiichore siku ya kwanza. Ichore siku ya nne. Niiweke sebuleni mnunuzi akija aketi mbele yake. Ni bei gani?

Brashi Kavu

Mzee kwako nitachukua hela ya rangi na hadibodi tu, na mchuzi chupa moja kama upo. Mlete kijana na bodaboda asubuhi kabla jua halijawa kali, azipange kwa vikonyo na asizifunike na turubai zitapata joto njiani. Mke wangu ndo sijui nitamwambia nini kuhusu siku ya nne.

Dada wa Nkuhungu

Mwambie ni Uholanzi.